Jinja mjini: wanachimba msingi wa fleti zao, nyumba ya mama inapasuka

Ndugu zangu wa Jinja, nimenyamaza miezi mitatu. Leo nimechoka.

Kiwanja kilicho ubavuni mwetu, nyuma ya Main Street, kilikuwa na nyumba ya Wahindi wa zamani: duka mbele, familia nyuma, baraza la nguzo, milango ya mvule, na juu kabisa mwaka 1926 umechongwa kwenye plasta. Wenyewe walifukuzwa Uganda na Idi Amin 1972. Nyumba ikapita mikono mingi na bado ikasimama. Mwaka huu akaja tajiri na mpango wa kondominiamu, yaani jengo la fleti zinazouzwa moja moja, fleti nane. Alituita majirani, akaapa ukuta wa mbele hautaguswa, fleti zitapanda nyuma yake. Nilimpa mkono mimi mwenyewe.

Jumamosi usiku tingatinga likaingia. Alfajiri niliikuta ile 1926 kwenye kifusi, imekatika katikati, na milango ya mvule inapakiwa kwenye lori.

Halafu wakaanza kuchimba. Kuta zetu ni matofali na chokaa, msingi mfupi. Ukichimba shimo la kina cha watu wawili kando yake bila kuzuia udongo, unategemea nini? Chumbani kwa mama kuna ufa kutoka dirishani hadi sakafuni. Juzi nilitia kidole kikazama chote. Mama ana miaka 76, sasa analala sebuleni. Msimamizi ananiambia, "Mzee, subiri mvua ikatike." Mvua ndiyo inayomomonyoa udongo!

Ofisini kwa wanaotoa vibali vya ujenzi nimeenda mara nne. Faili la mradi halionekani. Tena wananiambia nyumba ile haikuwa kwenye orodha ya zinazolindwa, kwa hiyo sheria ya 2023 ya makumbusho na kumbukumbu za kale haiigusi. Sawa, na ukuta wa mama je? Huo nao unahitaji orodha?

Sipingi fleti. Sheria ya kondominiamu tunayo tangu 2001, kila mnunuzi anapata hati yake, na vijana wetu wanahitaji pa kukaa mjini. Ila nyinyi mnaolipa arubuni pale, mjue fleti ni yako lakini msingi ni wa wote. Kabla hujatoa hela, njoo usimame kwangu uliangalie shimo lenyewe.

Ninachotaka ni udongo uzuiwe wiki hii, na ukuta utengenezwe kwa gharama yao. Kama kuna injinia humu anayeweza kuja kuupima ufa na kuandika ripoti yenye sahihi, aniandikie. Nitamlipa.