Tupeane uzoefu: kuandika historia ya shule binafsi ya bweni

Mzee wa Rejesta
Wakuu, vitabu vingi vya jubilei huharibikia ukurasa wa kwanza, kwenye mwaka wa kuanzishwa. Chukueni shule mbili kongwe za bweni za Uingereza: Winchester ilipata hati yake ya kuanzishwa 1382, wanafunzi wakaingia jengoni 1394. Harrow hati ni ya 1572, jengo likakamilika 1615. Shule ya bweni ina tarehe nne: wadhamini kukubaliana, usajili, somo la kwanza na usiku wa kwanza bwenini. Andikeni zote, kila moja na karatasi yake ya ushahidi, ndipo bodi ichague ya kusherehekea.

Kalamu Mbili
Nakazia.

Chaki Nyeupe
Hakuna cha kuchagua. Usajili ndio kuzaliwa kwa shule. Kabla ya hapo ni tuisheni.

Mzee wa Rejesta
Kwa hiyo watoto waliolala pale kabla ya cheti walikuwa mizimu?

Bi Stoo
Mnagombea mwaka, wakati kinachopotosha zaidi ni idadi. Namba ya mwisho kwenye rejesta ya udahili si jumla ya waliosoma. Aliyehama akarudi hupewa namba mpya, aliyelipia nafasi asitokee naye anayo, na kuna mkuu wa shule akiingia tu anaanza upya na 1. Linganisheni na daftari la stoo: kilo za nafaka zilizotoka kwa wiki, gawanya kwa mgawo wa mwanafunzi mmoja. Mkipata vinywa 180 na vitanda 140, ama wa kutwa walikuwa wanakula mchana, ama watu walilala mzungu wa nne. Toeni kwanza sehemu ya walimu na wageni, la sivyo hesabu inavimba.

Tarishi
Samahani kuwakatiza. Upepo umeezua paa la ofisi usiku, rejesta zote za zamani zimelowa chapachapa. Nianike juani?

Bi Stoo
USIANIKE! Jua linakunja karatasi na kupausha wino. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48, kwa hiyo kazi ni leo. Zilizolowa sana usizifungue, zitachanika. Zilizo na unyevu tu zisimamishe wima, kurasa zimeachana kidogo, feni izungushe hewa chumbani bila kuzipuliza moja kwa moja. Weka karatasi za kunyonya maji kila baada ya kurasa kumi hivi, ubadilishe zikilowa.

Mzee wa Rejesta
Zikiwa nyingi kuliko mikono, funga kila moja kwa plastiki uzigandishe kwenye friza. Ukungu unasimama, kisha unatoa chache chache.

Kalamu Mbili
Anza na zilizoandikwa kwa kalamu ya wino wa maji. Za bolpeni zinavumilia.

Chaki Nyeupe
Vaa glovu za pamba.

Bi Stoo
Kwa picha sawa. Kwa karatasi mbovu glovu zinakunyima hisia vidoleni, unachana kona. Mikono safi na mikavu inatosha. Na asije mtu na selotepu: gundi yake hugeuka njano na kuila karatasi.

Tarishi
Friza iliyopo ni ya jikoni.

Kalamu Mbili
Muombe mpishi kwa barua, nakala iende kwenye faili la historia 😂

Mzee wa Rejesta
Zikikauka, skani kwa doti 300 kwa inchi, picha 600. Nakala tatu, moja ikae nje ya shule.