Wenyeji, wazawa au watu wa asili: waliotangulia tuwaiteje?

Wadau naomba tulijadili hili maana naona tunachanganya mafaili. Juzi mtu kaandika "wenyeji wa Australia", akimaanisha waliokuwepo kabla ya Wazungu, mwingine kamrukia eti sema "wakazi wa kwanza", wa tatu kaja na "wazawa", wakaishia kutukanana tu.

Mimi "mzawa" hapa silielewi kabisa. Mzawa ni aliyezaliwa pale, basi, sasa mjukuu wa mlowezi wa Kiingereza aliyezaliwa Sydney utamnyima vipi uzawa? "Mwenyeji" nalo ukilichambua ni mwenye mji, hata aliyehamia juzi akipata mgeni yeye ndo mwenyeji wake. Na tumeshalichafua, kitu kikiitwa cha kienyeji watu wanasikia duni, labda kuku tu ndo kasalimika. "Asilia" afadhali kidogo ila mwenzenu nikisikia "jamii asilia" akili inaenda kwenye gesi.

Kwangu mtu aitwe anavyojiita. Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, wameitwa Wandorobo miaka na miaka, neno la Kimaasai hilo, lina maana ya fukara asiye na ng'ombe. Columbus naye 1492 kapotea njia akadhani kafika Asia, wenye nchi wakabambikwa Uhindi na mpaka leo tunaandika "Wahindi Wekundu".

— Mkuu kwenye majina yao sikupingi, ila mahakamani utaendaje bila neno la jumla? Hao hao Waogiek walishinda kesi dhidi ya serikali ya Kenya kwenye Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, Arusha, Mei 2017, na ilibidi kwanza watambuliwe kuwa ni watu wa asili. Serikali nyingi zetu jibu lao ni kwamba Waafrika wote ni wa asili, ukienda na jina la kabila tupu unaambiwa kaa foleni na makabila mengine.

— Haya, mawakili nawaachia "watu wa asili" lao. Ila uangalie, kisheria hilo neno halipimi nani kafika kwanza. Wamaasai nao wanahesabiwa humo, na wote tunajua walishuka kutoka kaskazini wakawakuta Wahadzabe wako zamani. Kinachoangaliwa zaidi ni nani maisha yake yamefungwa na ile ardhi halafu kasukumwa pembeni. Sasa nyie wa "wakazi wa kwanza", Mmaasai mnamweka wapi?