Kitako cha shotigani kimekunjiwa kushoto, joto linaweza kukirudisha?

mkulima_nachingwea:
Wakuu za korosho. Nina shotigani ya marehemu mzee, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, namba 12, leseni nishapata kwa jina langu. Shida mzee alikua mashoto, kitako kilikunjiwa kushoto makusudi, mi natumia kulia so nikilenga nguruwe kwenye mihogo risasi zinapita kushoto kwake anaondoka zake hata hana haraka. Jamaa kaniambia kinapashwa moto kinakunjwa upya, kweli au fiksi?

fundi_benchi:
Kweli kabisa. Kinachokunjwa ni shingo, pale unaposhika nyuma ya triga. Mafundi wa zamani Uingereza walikua wanazungushia kitambaa wanamwagia mafuta ya moto ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, tena na tena mpaka joto liingie ndani, siku hizi wengi wanatumia taa za joto. Ile lignini inayoshikanisha nyuzi za mbao inalainika, ndo unakaza pole pole kwenye jigi, ile fremu ya kubania, na unaacha ipoe ikiwa imebanwa hivyohivyo. Ukifungua inarudi kidogo, kwa hiyo lazima upitilize. Tunaongelea milimita chache lakini. Kama kuna bolti ndefu imepita katikati ya kitako kutokea nyuma, usiguse. Afu matambara yenye linsidi usiyafinyange ukatupa kona, yanajiwasha yenyewe, yatandaze nje.

seremala_mikindani:
Mi natengeneza majahazi bunduki sizijui. Mataruma, zile mbavu za chombo, sisi hatukunji, tunaingia porini kutafuta mti uliojipinda wenyewe, sababu nyuzi zikifuata kona mbao haivunjiki. Sasa kaka tazama nyuzi hapo shingoni, kama zinakatiza pembeni itapasuka tu hata umwage pipa zima la mafuta. Mbao gani hiyo? Kama mtu alishakichonga upya kwa mpingo sahau, ule haukunjiki.

mkulima_nachingwea:
Walinati ya kiwandani, nyuzi zimenyooka, bolti hamna.

fundi_benchi:
Basi inakunjika. Ila hata kabla ya moto kuna njia rahisi, kupiga tupa kidogo upande wa shavu, kwako ni wa kushoto, jicho linasogea kulia linakaa katikati ya mitutu. Mbao ikishatoka hairudi, so kidogo kidogo, unajaribu kuiweka begani. Na yote hayo afanye fundi wa silaha mwenye leseni, sheria ya silaha ya 2015 haina utani, usije ukamwachia seremala wa mtaani eti kwa sababu ana jiko la mkaa.