Maua ya Kitulo kwa karibu: lenzi ya makro, ringi, kioo cha kukuzia au simu?

Mpandamilima_MBY
Wakuu, habari za jioni. Natarajia kupanda Kitulo, ule uwanda wa maua wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mvua zikishachanganya, mwezi wa kwanza au wa pili hivi, na safari hii sitaki kurudi na picha za uwanda mzima tu. Nataka okidi zenyewe, niingie ndani kabisa ya ua. Kamera yangu ni ya kubadilisha lenzi. Ninayo 50mm f/1.8 na ile 18-55 iliyokuja nayo. Njia ninazoziona ni nne: ninunue makro (lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya 100mm, ninunue ringi za kurefusha, nifunge kioo cha kukuzia mbele ya lenzi, au niachane na yote nitumie simu. Mfuko hauruhusu kujaribu kila kitu. Mnanishauri nini?

FundiMwanga
Mkuu, anza na ringi. Ndani hazina kioo chochote, ni uwazi unaoisogeza lenzi mbali na sensa (kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera), kwa hiyo hakuna kioo kipya cha kuharibu ubora wa 50mm yako. Hesabu yake nyepesi: urefu wa ringi gawanya kwa urefu wa lenzi. Ringi ya 25mm inakuongezea nusu, yaani ua la sentimita mbili linatua kwenye sensa likiwa na sentimita moja hivi. Seti nyingi zina ringi tatu: 12, 20 na 36. Angalia ziwe na zile pini za kuwasiliana na kamera, la sivyo hutaweza kubadili f, yaani ukubwa wa tundu la lenzi. Ubaya wake ni kwamba mwanga unapungua, na ukiziunganisha zote tatu lenzi inakaribia kugusa ua.

BintiTanga
Hapo mwisho ndipo penye kasheshe. Ukisogea kiasi hicho, kivuli chako mwenyewe kinalifunika ua na mdudu uliyekuwa unamvizia kashaondoka. Mimi nilinunua makro ya 100mm ya mtumba. Hata ua likitua kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, mbele ya lenzi bado nina kama sentimita 15 za kupumulia.

Nilianzia kwa urujuani wa Usambara. Ndio ule ambao Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alituma kwa baba yake mwaka 1892, na sasa umejaa kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima. Kwa macho ya kawaida ni kiua cha zambarau, basi. Kwenye makro, petali inameta punje kwa punje kana kwamba imemwagiwa sukari, na katikati vimekaa vifuko viwili vya chavua, vya manjano, vimebanana. Nimekulia jirani na maua hayo na sikuwahi kuviona vile vifuko.

Mzee_wa_Makete
Wanangu, mnazungumza vioo na hakuna aliyetaja upepo. Kitulo ni nyasi tupu kwenye mita 2,600 hivi. Jua likishapanda, hakuna shina linalotulia. Sasa piga hesabu. Kwa ukubwa halisi, f/8, sehemu inayoingia kwenye fokasi ina unene wa milimita moja. Ua likitikisika kidogo tu, imekula kwako. Mimi napiga nusu ya ukubwa halisi, f/8 ileile, na hapo napata karibu milimita tatu. Kwa hiyo ringi ya 20 kwenye hiyo 50mm inatosha kabisa. Hizo 36 waachie wanaopiga ndani ya nyumba.

Nenda alfajiri, umande haujakauka, ulale kifudifudi. Mama watoto wangu husimamisha kanga nyeupe upande upepo unakotokea; inakinga upepo na jua likichomoza inalainisha mwanga. Hakuna kifaa cha dukani nilichokipenda kuliko hicho.

Ukikutana na Satyrium, mojawapo ya okidi za huku, usiipige kwa mbele tu kama kila mtu. Zunguka nyuma. Kila kiua kina vimkia viwili vinavyoning'inia, na nekta imo humo. Mdudu anayeifuata anachomeka kichwa kwenye kikofia cha mbele, na akitoka anaondoka na kifurushi cha chavua kimemganda. Ukibahatika kumnasa akiwa na mzigo wake, utanitafuta.

Halafu angalieni mnapolala. Viazi vya okidi hizo vilichimbwa sana kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko, na hiyo ni mojawapo ya sababu uwanda ukawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Si vizuri zilizosalia mkazilaze kwa viwiko.

Msafiri_Leiden
Mimi niko Uholanzi, huku majira ya kuchipua yanaanza na krokasi, baadaye tulipu. Simu msiidharau. Kamera yake pana, kama ina makro, inasogea hadi sentimita chache na bado inaonyesha mazingira: ua mbele, mbingu nyuma. Lenzi ya 100mm inafuta kila kitu nyuma kikawa rangi tu, hujui kama ni Kitulo au Lisse, mji wa maua wa huku. Krokasi hujifunga kukiwa na baridi na kufunguka kukipata joto. Nikiwa na simu tu nakaa palepale nikisubiri, sina mzigo wa kulinda.

BintiTanga
Kaka, picha pana nzuri, lakini yeye kasema anataka kuingia ndani ya ua. Vimkia vya Satyrium kwa simu pana vitatoka nukta.

FundiMwanga
Kuhusu kioo cha kukuzia: kile cha +4 kitakuruhusu kupiga kutoka sentimita 25, na mwanga haupungui. Lakini vile vya bei chee vya kioo kimoja vinatoa kingo zenye ukungu na rangi za zambarau. Ukiongeza pesa kidogo tu umeshafika kwenye ringi.

Mpandamilima_MBY
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nachukua ringi, natumia ya 20, na simu nitaibeba kwa ajili ya zile picha pana. Makro nitaisubiri mtumba. Swali la mwisho: nikitokea Chimala niondoke saa ngapi?

Mzee_wa_Makete
Marahaba. Usiondoke Chimala alfajiri. Panda Hamsini na Saba, ile barabara ya kona 57, jana yake mchana, kungali na mwanga, ulale Matamba. Zile kona hazitaki haraka, na mvua ya alasiri ikikukuta njiani utachelewa. Na vaa sweta.