Naomba ushauri: mbavu za nguruwe kwa oveni zilainike vizuri

Habari zenu wadau, Jumapili mashemeji wanakuja na nataka niwapikie mbavu za nguruwe, lakini hapa mtaa wa Umoja tunakaa ghorofa ya juu jiko la makaa haliwezekani, kwa hivyo ni oveni ya kuka (cooker) tu.

Ninachojua, ile ngozi nyembamba nyeupe ya nyuma lazima itoke, unaiinua pembeni na ncha ya kisu unaishika na tishu isiteleze halafu unavuta pole pole. Unapaka chumvi, sukari nguru, paprika, pilipili manga na kitunguu saumu, unafunga na foili, moto mdogo kama nyuzi 140 kwa saa mbili na nusu hadi tatu, sosi inakuja mwisho kwa sababu sukari huungua haraka.

Sasa kwenye muda ndio nataka msaada. Zikikaa sana nyama inaachana na mfupa inakuwa ya supu, na mimi naitaka laini lakini bado imeshika. Bila thamometa mnajuaje zimeiva? Nimeambiwa niziinue kwa koleo nione kama zinapinda na kuanza kupasuka juu, ni kweli? Na maji kidogo ndani ya foili yanasaidia ama yanazichemsha tu?

Sosi nitatengeneza ya ukwaju, nyanya na asali, ya chupa naona ni tamu kupita kiasi.

Pia bucha wetu amezoea kukatakata vipande vidogo, nimwambie aniachie ubavu mzima? Tafadhali mnijibu kabla ya Jumamosi ndio naenda kununua.