Mzee wa kanisa anadaiwa mtaa mzima, sisi tunaambiwa "tuombe tu"

Wanabodi, salamu. Leo msitegemee lugha laini.

Kanisani kwetu hapa Unguja, upande wa Mwanakwerekwe (jina la kanisa nalihifadhi, wahusika wanajijua), tuna mzee wa kanisa ambaye hakuna duka la mtaani asikokopa. Juzi nimekwenda kununua unga, mwenye duka, mtu wa Wete, akanifunulia daftari: mchele, mafuta, sukari, vocha, tena mchele. Ukurasa umejaa mbele na nyuma, hakuna hata mstari mmoja uliokatwa. Akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma: "Dada, huyu ndo mlomchagua awe mkubwa wenu?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Paulo alimwandikia Timotheo sifa za msimamizi wa kanisa, waraka wa kwanza sura ya 3: asiyelaumika, mume wa mke mmoja, mkaribishaji, ajuaye kufundisha, si mlevi, si mpiga watu, asiyependa fedha. Kwetu zikisomwa hizo tunaitikia amina tunakwenda zetu. Aya ya 7 hatufiki. Inasema imempasa pia kushuhudiwa mema na watu walio nje. Zanzibar hii walio nje ni nani? Ni Waislamu, yaani karibu kila unayekutana naye: jirani, muuza duka, dereva wa daladala, sheha. Wakristo hapa tunahesabika. Akivurunda mmoja, barazani hawasemi fulani, wanasema "hao wa kanisani".

Halafu si duka tu. Mafundi waliompigia plasta nyumba yake wanazungushwa tangu kabla ya Pasaka, njoo kesho, njoo mwisho wa mwezi. Na Jumapili anasimama mbele kutuhimiza sadaka! Yakobo 5:4 anaijua kweli huyu? Ile ya ujira wa wafanyakazi unaopiga kelele?

Mkiniuliza uzee aliupataje, alitoa spika. Basi. Hajamaliza hata mwaka tangu ahamie, kaleta spika mbili kubwa, kina mama wakapiga vigelegele, akawekewa mikono. Timotheo kaambiwa asimwekee mtu mikono kwa haraka, sisi tukaangalia spika. Sasa tunasifu kwa spika za mtu ambaye mchele hajalipa.

Tukaenda kwa mchungaji, watu wazima, kwa adabu. Akatufungulia huo huo waraka wa kwanza kwa Timotheo, 5:19, kwamba mashitaka juu ya mzee hayapokelewi ila kwa mashahidi wawili au watatu. Sawa, ndiyo maandiko. Tukamtajia: mwenye duka yupo, fundi mkuu yupo, yupo na mama wa samaki. Mchungaji akasema hao si washirika, ushahidi wao haufai.

Jamani! Si ndio hao walio nje wanaotakiwa kumshuhudia? Na aya ya 20, inayofuata hapo hapo, kwamba wanaodumu kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote, mbona hakuisoma?

Najua watakuja watu wa "hakuna mkamilifu, tuombe tu". Sitafuti malaika. Kudaiwa kunampata kila mtu, mie mwenyewe nakopa pale pale dukani. Lakini mtu aliyekwama huja akasema nivumilie. Huyu akimwona mwenye duka anavuka barabara, na akibanwa anafoka, "Unajua mimi ni nani?" Tito 1:7 inataka mtu asiyejipendeza nafsi, asiye mwepesi wa hasira. Hapo amefeli kabla hatujafika kwenye pesa.

Na uchaguzi wa wazee unakuja, nasikia jina lake limerudishwa. Wachungaji na wazee mliomo humu, njooni mnijibu hadharani: aya ya 7 kwenu ipo au mmeifuta? Msije pembeni kunibembeleza nifute uzi. Siufuti mpaka mwenye duka alipwe.