Kinga ya chanjo ya surua: inaisha, au wengine hawakuwahi kuipata?

Mleta hoja:
Ndugu zangu, kila surua inapozuka husikika madai kwamba kinga ya chanjo huisha baada ya miaka kadhaa, hivyo watu wazima nao wachanjwe upya. Napinga. Mtoto anayechanjwa akiwa na miezi 9 huenda bado ana kingamwili za mama yake (protini za damu zinazopambana na vijidudu), ambazo huidhoofisha chanjo. Ndiyo maana takriban watoto 15 katika kila 100 hawapati kinga kwa dozi hiyo, ingawa kadi zao za kliniki zinaonyesha wamechanjwa. Mmoja wao akiugua akiwa na miaka 20, tunasema kinga yake imeisha, ilhali hakuwa nayo tangu mwanzo. Dozi ya pili, ambayo Tanzania iliianzisha mwaka 2014 na hutolewa kwenye miezi 18, imewekwa hasa kwa ajili ya hao.

Mchangiaji:
Nakubaliana nawe nusu. Ugonjwa wenyewe huacha kinga ya maisha: mwaka 1846, katika Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, daktari Peter Panum alikuta kwamba wazee waliougua surua mwaka 1781 hawakuugua tena, ijapokuwa wakazi wapatao 6,000 kati ya 7,800 walilala kitandani. Chanjo, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1963, haijatimiza miaka hiyo 65. Huko Finland, ambako dozi mbili zimetolewa tangu 1982, vipimo vimeonyesha kingamwili zikipungua kadiri miaka inavyopita. Tena mama aliyechanjwa humwachia mwanawe kingamwili chache kuliko mama aliyeugua, na mtoto hubaki bila kinga mapema zaidi. Hilo hukuligusa.

Mleta hoja:
La akina mama nalikubali, na pengine ndilo zito kuliko yote. Lakini kingamwili kupungua katika damu si sawa na kinga kutoweka, kwa kuwa seli za kumbukumbu, yaani seli za kinga zinazovikumbuka virusi, hubaki na huamka virusi vinapoingia. Mwaka 2011, mjini New York, mtu mwenye dozi mbili aliugua na kuambukiza wanne. Kisa hicho kiliandikwa kwa sababu ni nadra. Katika mlipuko wa Kongo wa mwaka 2019 waliokufa walizidi 6,000, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5, ambao hawakuwa wameishi vya kutosha kwa kinga yao kuchakaa. Anayetaka watu wazima wachanjwe upya atueleze dozi hizo zitatoka fungu la nani.